Ijumaa Saba za Radjabu

Jini wa saa ya serikali alizuliwa na baba yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Muyinga bado wanasimulia habari za jini huyo kana kwamba alishuka na mvua, na mimi nimechoka kunyamaza. Alizuliwa mwaka 1974 na fundi saa mmoja mwenye hasira za karibu, Radjabu mwana wa Amissi, kwa sababu makarani walikuwa hawaishi kusogeza mishale ya saa mbele kila walipotaka kwenda nyumbani mapema.

Saa yenyewe ilikuwa ndefu kumzidi mtu mrefu, ya mbao nyeusi, imesimama ukutani katika ukumbi wa jengo la serikali lililojengwa na Wabelgiji. Mbele ilikuwa na mlango mwembamba wa kabati. Ukiufungua unaona mkono mrefu wa shaba ukienda kulia na kushoto, na vyuma viwili vizito vinavyoning'inia kwa kamba, ambavyo sisi nyumbani tuliviita mawe. Jiwe moja linaendesha mishale, jiwe la pili linagonga kengele. Ukiitia ufunguo mawe yanapanda, halafu yanashuka pole pole kwa siku nane. Yakifika chini, saa inasimama mpaka mtu aje kuitia ufunguo tena. Siku nane, na ukipewa bahati zinaongezeka saa chache tu. Tafadhali lishike hilo, maana mimi nililishika na halikunisaidia.

Ililetwa na Wajerumani kabla ya vita vyao vikubwa. Wapagazi wanane waliibeba kutoka upande wa Bukoba, wakapita Muyinga, hadi kwenye boma la Gitega. Inasemekana mpagazi mmoja aliteleza kwenye mto Ruvubu, saa ikamlalia, akafa, na kioo chake hakikupata hata ufa. Wabelgiji walipokuja waliikuta Gitega, wakaitumia, halafu bwana mmoja wao akahamishiwa Muyinga akaondoka nayo kama mali aliyoachiwa na mama yake. Ndivyo ilivyorudi njia ileile iliyokuja nayo.

Haya yote sikuyapata shuleni. Yapo ndani ya mlango wa saa. Mafundi wa saa kubwa wana desturi yao: kila anayeifungua anaandika upande wa ndani jina lake, tarehe, na alichofanya, ili fundi anayekuja baadaye asianze gizani. Juu kabisa kuna maneno ya Kijerumani ambayo sijapata wa kunisomea. Chini yake kuna Gulamali, fundi Mhindi wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, 1927. Halafu babu yangu Amissi, 1941, kwa herufi za Kiarabu. Kisha baba. Yeye hakuandika matengenezo peke yake. Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda kuitia saa ufunguo, na kila Ijumaa aliandika kwa penseli tarehe na herufi R. Mwaka ukiisha anafuta kwa kitambaa chenye mafuta, anaanza upya. Ufunguo aliuvaa shingoni chini ya kanzu, hata akilala.

Basi makarani walipomchosha, aliwakusanya ukumbini akawaambia kuwa roho ya yule mpagazi wa Ruvubu iligeuka jini, ikahamia ndani ya ile saa, na kwamba mkono unaoingia mle bila ufunguo hautoki ukiwa mzima. Aliyasema kwa uso mkavu. Tangu siku hiyo hakuna kidole kilichogusa. Aliporudi nyumbani alitusimulia huku akicheka mpaka akakohoa, na mimi niliyekuwa na miaka mitano nikakimbia kuwatangazia watoto wa jirani. Miaka ishirini baadaye hata askari aliyelinda lile jengo alikuwa akipita mbele ya saa ameinamisha macho.

Na alikuwa na tabia moja nyingine baba. Akifika mlangoni jioni alikuwa anaita, "Mwajuma!" Mama anaitika, "Abee!" Ukidhani ana neno, hana neno. Alitaka tu kuitikiwa.

Baba alinifundisha kazi mimi, Swabra, kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine na vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Nilipoolewa Gitega, nikaweka meza yangu mtaani Magarama, mbele ya duka la mume wangu, nikitengeneza saa za mkono na redio. Wanaume walikuja kucheka, wakarudi na saa zao mbovu.

Tarehe kumi Oktoba 1993 nilijifungua Shakila. Mama alikuwa ameshakuja Gitega kunilea hizo siku arobaini, kama inavyotakiwa. Baba alibaki Muyinga na saa yake, pamoja na sufuria moja aliyojua kuiunguza.

Alhamisi tarehe ishirini na moja redio ikanyamaza, halafu tukasikia kuwa rais ameuawa Bujumbura. Miti ikaangushwa barabarani. Yaliyofuata, aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo sitamweleza hapa. Kati ya Gitega na Muyinga palikuwa mbali kuliko Maka.

Habari ya baba tuliipata tarehe kumi na nne Novemba, Jumapili, saa nne asubuhi. Aliileta Chabani, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekuwa tarishi katika jengo lile na mshika funguo za milango. Alifika juu ya lori la msaada, amekonda, viatu havifanani. Mama alimpa maji. Alikunywa, halafu akaanza.

"Mama Swabra, pole. Mungu ametuchukulia mwenzetu."

Alisema kuwa asubuhi ya Alhamisi ile watu wenye mapanga waliingia ukumbini, yeye na Radjabu wakiwa ndani. Yeye alitoka kwa dirisha la nyuma. Alimngoja Radjabu kwenye migomba mpaka jua likazama, hakumuona akitoka. Kesho yake watu walewale wakaweka barrière, kizuizi cha barabarani, kwenye kona, mbele ya jengo kabisa, wakafunga mlango kwa mnyororo. Aliyesogea pale aliulizwa yeye ni nani, na kila jibu lilikuwa baya.

"Lakini kuko kitu moja," Chabani akasema, sauti ikashuka. "Saa inagonga."

"Inagonga namna gani?" mama akauliza.

"Kila saa, Mama Swabra. Mlango iko na mnyororo, ndani hakuna mtu, na yenyewe inagonga. Juzi Ijumaa nilipita huko chini, mi mwenyewe nikaisikia. Hata wale wa barrière wanaiogopa, hakuna hata mmoja anaingia mule ndani. Ni yeye. Roho yake inakataa kuacha kazi."

Nilikuwa nimekaa kitandani namnyonyesha Shakila, pazia liko wazi. Na kichwa changu kilifanya kile kilichofundishwa kufanya. Ijumaa ya mwisho kabla ya balaa ilikuwa tarehe kumi na tano. Ongeza siku nane: Jumamosi tarehe ishirini na tatu saa inasimama. Leo ni kumi na nne Novemba. Jiwe halipandi lenyewe.

"Baba Chabani," nikasema, "ile saa ni ya siku nane..."

"Swabra!" Mama aligeuka. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Nyamaza. Mtu analeta tanzia, we unamuletea hesabu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minne, mke wa mtu, fundi, na nikanyamaza kwa sababu mama yangu amenikemea mbele ya mgeni. Chabani aliinamisha kichwa. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akakawia huko kidogo, akarudi macho makavu.

Wiki ile msikiti wa kwetu ulimswalia baba swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Mama akavaa nyeupe, akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Katikati ya Desemba ikaja barua ya Chabani, mistari mitatu. Wanasalimia. Njia bado mbaya. Saa imenyamaza tangu Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Nilimsomea mama mlangoni pa chumba chake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Amefika."

Miaka kumi nikaishi na neno hilo. Mama aliwasimulia wageni kuwa mumewe aliitia saa ya serikali ufunguo hata baada ya kufa, mpaka roho yake ikafika nyumbani ikatulia. Wanawake walilia, wakasema maneno mazuri. Mimi nilileta chai. Usoni nilikuwa mtu mwenye adabu, ndani nilikuwa nabishana na mawe mawili. Nilijiambia Chabani alizidisha. Nilijiambia ni wale wa barrière walioitia ufunguo, eti mtu mwenye panga ameacha kazi yake akaingia kutunza saa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya. Watu wakitoka kuswali, mimi mezani pangu, nasikia krr, krr, krr, sauti ya jiwe linalopandishwa na mkono uliochoka. Nageuka, naona barabara tu, na baiskeli za ndizi. Saa ya ukutani ikiletwa kwangu nilikuwa nairudisha nzima kwa kila kitu isipokuwa kengele. "Mama Shakila, mbona haigongi?" Nawaambia kifaa chake hakipatikani, ni vita. Siku moja mteja mmoja alinibishia nikamrudishia pesa yake na saa yake, nikaingia ndani nikalia kama mjinga.

Mwaka 2003, mwezi wa saba, Bashizi akasimamisha lori mbele ya duka. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, mfanyabiashara wa maharagwe na vyombo, alikuwa akizunguka Gasorwe, Muyinga na Gitega, akisubiri msafara wa askari kila penye kona mbaya. Mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Siku hiyo maneno yalikuwa machache.

"Mama Shakila, niko na muzigo yako. Mzee Chabani ametuacha, iko wiki tatu sasa."

"Innalillahi. Aliugua?"

"Maji kwa mapafu. Nilimuona mbele ya kufa. Alinipatia karatasi ya ofisi, iko na tampon, muhuri ya serikali, na kila kitu, inasema saa iende Gitega kutengenezwa kwa Swabra, na kwa mtu mwingine hapana. Aliitafuta hiyo karatasi miaka mingi, alisema. Na alinipatia hii."

Wanaume wanne waliiteremsha saa, imeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa, wakaisimamisha dukani. Bashizi akangoja waondoke, akanitilia mkononi kitambaa kilichoshonwa pande zote. Nilikipapasa tu, nikajua. Ulikuwa ufunguo wa baba.

"Bashizi, huu aliupata wapi?"

"Alisema hivi, na mi narudilia sawa alivyosema. Alisema: nilimuzika kwa mikono yangu, na kaburi iko na jiwe nyeupe. Alisema: afungue mlango mbele ya kugusa kitu ingine. Zaidi ya ile sijui, mama. Mungu anisamehe."

Alikataa chai akaondoka. Mume wangu alikuwa safarini, Shakila shuleni, mama amelala chumba cha nyuma. Nilifunga nusu ya mlango wa duka. Mchana wote ule wa Magarama ulikuwa nje, watu wanapita, mtu anapatana bei ya sabuni, na mimi nimesimama mbele ya saa ya serikali. Kidirisha cha tarehe usoni mwa saa kilionyesha 11. Nikafungua.

Jiwe la mishale lilikuwa chini kabisa. Jiwe la kengele halikuwa kwenye kamba yake. Lilikuwa limelazwa sakafuni mwa kabati, pembeni, taratibu, namna fundi anavyoweka kitu anachotaka kukirudisha. Ndani ya mlango nikamuona Mjerumani, nikamuona Gulamali, nikamuona babu. Halafu Ijumaa za 1993, zimepangwa moja chini ya nyingine, tarehe na R, tarehe na R, mpaka 15/10. Na hazikuishia hapo.

*22/10. R. Mguu wa kulia umevunjika. Niko chumba cha makaratasi.*

*29/10. R. Wa barrière hawaingii, wanamuogopa jini. Jini wangu!*

*5/11. R. Unga wa msaada upo, maji ya mvua yanaingia pipani. Siwezi kuita, wa kwanza kusikia ni wao. Lakini Chabani akisikia kengele atajua.*

*12/11. R. Swabra akipata habari atajua.*

*19/11. R. Homa. Mguu unanuka.*

*26/11. R. Jana Waislamu wamesimama barabarani wakanisomea Fatiha. Nikaita. Sauti haikutoka. Jiwe la kengele nimelitoa. Ikinyamaza labda wataingia.*

Mstari wa saba ulikuwa 3/12 peke yake, na R iliyolala kama mtu.

Nilisoma mara moja. Sikuhitaji mara ya pili, na mpaka leo nikifumba macho nausoma. Alikuwa ametengeneza jini wa kulinda saa, jini akamlinda na yeye, wauaji wakabaki nje. Na marafiki wakabaki nje pia. Alipotambua kuwa ni kengele inayowafukuza wanaompenda, akainyamazisha, na sisi huku Gitega tukasema alhamdulillahi. *Swabra akipata habari atajua.* Nilijua, baba. Mbele ya mama yangu na maziwa kifuani, nilijua.

"Ni nani iko hapo? Mbona umefunga?"

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia la nyuma. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alitembea kwa kushika kuta. Akavuta hewa puani, akasimama.

"Ni ile saa," akasema. "Harufu ya mafuta yake. Nani ameileta?"

Nikamwambia Bashizi, nikamwambia Chabani amekufa. Ufunguo sikuutaja. Alisoma Fatiha chini chini, akasogea mpaka akaigusa mbao, akaipapasa kama anavyompapasa Shakila akirudi shuleni.

"Baba yako alikuwa anaandika mule ndani. Nisomee."

Hapo ndipo nilipokuwa na kazi ngumu kuliko kazi zote. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfariji, lile neno lake, *amefika*. Alikuwa amekilalia miaka kumi. Ningeweza kumnyang'anya kwa kusoma mistari saba. Nikaamua nisimnyang'anye. Nikamsomea Oktoba: tarehe moja, R. Tarehe nane, R. Tarehe kumi na tano, R.

"Endelea."

"Imeishia hapo, mama."

Akaniondoa kwa mkono, akaweka vidole kwenye mlango, chini ya mahali pale sauti yangu iliposimama. Baba alikandamiza penseli akiandika, siku zote, nilikuwa nimesahau. Vidole vya mama vilishuka mstari kwa mstari, na midomo yake ilikuwa ikitikisika.

"Saba," akasema. "Ijumaa saba."

"Mama..."

"Mi nilikaa na fundi saa miaka makumi mbili na tano, Swabra. We unafikiri sijui siku nane?"

Akakaa kwenye kigoda changu cha kazi. Nilibaki nimesimama, mlango wa saa uko wazi kati yetu.

"Chabani alikuwa hajamaliza kusema, mi nikajua," akasema. "Radjabu iko muzima. Iko ndani na anatuita."

"Ukaninyamazisha."

"Juu ungeenda! Nilikuona usoni. Ungemufunga huyo mtoto mugongoni, arobaini yako haijaisha, ungeenda kwa miguu, na huko Ruvubu wangekuua wewe na yeye. Mume wangu alikuwa huko. Mtoto wangu na mujukuu wangu walikuwa hapa. Nilichagua." Alisema neno hilo kama mtu anayeweka mzigo chini. "Nilimusindikiza Chabani barabarani, unakumbuka? Nikamuambia: ile saa ni ya siku nane, mutu iko ndani, ingia umutoe. Akaapa kwa Mungu ataingia. Aliogopa barrière ama aliogopa jini, hakuniambia mpaka leo. Aliniandikia tu kama imenyamaza. Nikasema amefika, juu we ulikuwa unaniangalia, na nilitaka ulale."

Sitasema uongo, nilimkasirikia. Nilitaka kumpigia kelele kuwa miaka kumi nimeoza kwa siri ambayo na yeye anayo, kwamba tumepikiana na kula sahani moja, kila mmoja amemficha mwenzake maiti ileile. Na hapo hapo moyo wangu ukawa mwepesi, kwa sababu sikuwa peke yangu tena, na wepesi huo ulinitia aibu kuliko hasira. Nilipiga magoti nikaweka kichwa kwenye mapaja yake, nikamsomea yote. Aliposikia *Jini wangu!* alicheka kidogo, cheko la zamani. Aliposikia *Nikaita* akanishika nywele kwa nguvu, sikumwambia inauma.

Nilipomaliza nikampa ufunguo. Aliushika muda mrefu.

"Ya mwisho ni tarehe ngapi?"

"Tatu Desemba. Saa ikasimama tarehe kumi na moja. Ijumaa ya tarehe kumi hakuitia ufunguo."

"Basi alikufa katikati." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na mi nilikuwa nimeshaingia eda toka Novemba. Nilikaa eda ya mutu muzima, Swabra. Mi niko ndani nimevaa nyeupe, na yeye anakunywa maji ya pipa. Ile eda haikuwa yake. Ilikuwa ya uongo wangu. Nitafutie nguo nyeupe."

"Mama, miaka kumi imepita. Sheikhe atasema eda ilikwisha zamani."

"Sheikhe aseme. Yeye hakumufunga mume wake ndani." Akainuka, akashika ukuta. "Irudishie jiwe la kengele. Uisafishe, uitie ufunguo kila Ijumaa, nisikie huko chumbani. Nitahesabu nayo."

"Hii ni ya serikali. Wataijia."

"Serikali ingoje. Miezi mine na siku kumi."

Nilifanya kazi siku tatu. Nilisafisha meno ya magurudumu, nikabadilisha kamba, nikaokota jiwe pale alipolilaza nikaliangika mahali pake. Mama alikuwa ameshaingia chumbani, nguo nyeupe, mlango umeegeshwa. Majirani walidhani amechanganyikiwa na nikawaacha wadhani. Ijumaa, watu walipotoka kuswali, nikatia ufunguo. Krr, krr, krr. Safari hii mkono ulikuwa wangu. Nikaandika chini ya R iliyolala: tarehe, na S.

Halafu mshale ukafika juu, na saa ya serikali ikagonga kwa mara ya kwanza tangu baba alipoinyamazisha. Sauti yake nzito ikaenea dukani, ikapita pazia, ikaingia chumba cha nyuma. Nilisimama na mafuta mikononi.

"Abee!" mama akaitika kutoka ndani. "Abee, Baba Swabra!"

Na tangu hapo kila ikigonga, anaitika.